Frank Solich, kocha aliyetetewa na waliomrithi

Novemba 29, 2003, siku moja tu baada ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska kuichapa Colorado 31-22 ugenini, kibarua cha Frank Solich kiliota nyasi. Msimu ule timu yake ilikuwa imeshinda mechi 9 na kupoteza 3. Ukijumlisha miaka yake yote 6 kama kocha mkuu, alishinda 58 na kupoteza 19. Alikuwa na taji la ligi, alikuwa amecheza fainali ya taifa, na mchezaji wake alikuwa ametwaa tuzo ya Heisman, ile apewayo mchezaji bora wa futiboli ya vyuo Marekani nzima. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Steve Pederson, aliwaeleza waandishi kwamba hakuwa tayari kuiona timu ikiteleza na kuwa ya kawaida, wala kuwaachia Oklahoma na Texas ligi ya Big 12.

Zaidi ya miaka 20 imepita na mashabiki wa Nebraska bado wanabishana. Upande mmoja unasema siku ile ndiyo timu ilipolaaniwa. Upande wa pili unasema ugonjwa ulikuwepo tayari na Solich ndiye aliyekuwa akiulea. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda mrefu na naona pande zote mbili zinatumia ushahidi usiofaa, hasa ule upande ambao siku hizi unaonekana kushinda.

Kwanza mahali penyewe, maana bila kupajua huwezi kuelewa kwa nini watu wazima wanakosana kwa sababu ya mzee aliyekwisha kustaafu. Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe, katikati kabisa ya Marekani, lenye watu kama milioni 2 tu. Halina timu ya futiboli ya ligi kuu ya kulipwa, wala ya mpira wa kikapu ya NBA, wala ya besiboli ya ligi kuu. Kilichopo ni chuo kikuu kilichoko mjini Lincoln na timu yake ya Huskers, wenye jezi nyekundu. Uwanja wao, Memorial Stadium, tiketi zake zimekuwa zikiisha kila mechi tangu Novemba 1962. Siku ya mchezo, waliomo uwanjani wangetosha kuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe.

Sisi tumezoea kuona kocha wa Simba au Yanga akifungasha virago kabla hajajua barabara ya kwenda mazoezini. Nebraska hawakuwa na desturi hiyo. Tangu 1962 hadi 2003 walikuwa na makocha wakuu watatu tu. Bob Devaney alichukua ubingwa wa taifa 1970 na 1971, akamkabidhi msaidizi wake Tom Osborne mwaka 1973. Osborne akakaa miaka 25, na hakuna hata msimu mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Akabeba ubingwa wa 1994, 1995 na 1997, kisha akastaafu akiwa kileleni na kuikabidhi timu kwa Solich. Fimbo ilikuwa inapokezanwa nyumbani kwa nyumbani.

Na Solich alikuwa wa nyumbani hasa, ingawa alikulia Cleveland, Ohio. Aliichezea Nebraska katikati ya miaka ya 1960, mtu mfupi aliyekuwa akikimbia na mpira, na mwaka 1965 akawa mchezaji wa kwanza wa chuo hicho kuvuka yadi 200 katika mechi moja. Akafundisha sekondari hapo hapo Lincoln, akaingia kwenye benchi la ufundi la Osborne mwaka 1979, na kwa miaka mingi akawa mwalimu wa wakimbiaji. Alipokabidhiwa timu, hakuna aliyeuliza yeye ni nani. Swali lililokuwepo ni moja: ataweza kuwa Osborne?

Hakuweza. Nani angeweza?

Wanaomlaumu wana hoja, na siku hizi hoja zao hazisikilizwi vya kutosha, kwa hiyo nitazipa nafasi. Mwaka 2001 Nebraska ilishinda mechi 11 mfululizo, ikafika Colorado ikiwa na safari ya fainali mkononi, ikabamizwa 62-36. Hesabu za kompyuta za mfumo wa wakati ule zikaipeleka fainali hata hivyo, kwenye Rose Bowl, mojawapo ya bowl, zile mechi za heshima za kufungia msimu, na Miami wakaongoza 34-0 kufikia mapumziko kabla ya kumaliza 37-14. Anayesema Solich alifika fainali ya taifa anasema kweli, ila lazima aseme pia alifikaje na alitokaje. Mwaka uliofuata timu ikamaliza 7-7, yaani ushindi 7 na vipigo 7. Penn State waliwachapa 40-7, Kansas State 49-13. Miaka 33 mfululizo ya kushinda angalau mechi 9, iliyoanza tangu enzi za Devaney, ikakatika pale. Mfululizo wa kuonekana kila wiki katika orodha ya timu bora ya shirika la habari la Associated Press, uliokuwa umefikia wiki 348, ukakatika mwaka huo huo.

Hata ule msimu wa 9-3 una doa. Vipigo vitatu vya mwaka 2003 vilikuwa 41-24 mbele ya Missouri, 31-7 mbele ya Texas na 38-9 mbele ya Kansas State. Missouri hawakuwa wameifunga Nebraska tangu 1978. Kansas State hawakuwa wameshinda Lincoln tangu 1968. Zaidi ya hayo, nyota wa miaka mizuri ya Solich, Eric Crouch aliyechukua Heisman mwaka 2001, alisajiliwa na Osborne. Wakosoaji wanasema kadiri vijana wa Osborne walivyozidi kuhitimu, ndivyo timu ilivyozidi kunyauka. Ukizitazama tarehe peke yake, huwezi kuwaambia wanasema uongo.

Wanaomtetea wanajibu kwa sentensi ambayo kila shabiki wa Huskers anaijua kwa moyo: taji la mwisho la ligi ambalo Nebraska imelichukua ni la 1999, lilipokuwa chini ya Solich. Mwaka ule waliifunga Texas 22-6 kwenye fainali ya Big 12, wakamaliza msimu na ushindi 12 na kipigo 1. Tangu wakati huo wamebadilisha makocha, wamebadilisha wakurugenzi, mwaka 2011 wakabadilisha hata ligi yenyewe na kuhamia Big Ten. Taji halijarudi.

Hapo ndipo ubishi huishia siku nyingi. Mtetezi huwataja warithi mmoja mmoja na rekodi zao, mkosoaji ananyamaza. Mimi sioni hiyo kama hoja. Kushindwa kwa mtu wa pili hakuthibitishi kwamba wa kwanza angefaulu. Ukimpima Solich kwa Bill Callahan au Mike Riley, umeacha kumpima Solich.

Kipimo cha haki ni kujiuliza Pederson alikuwa anajua nini asubuhi ile ya Novemba. Alijua timu imeshuka mwaka 2002. Alijua pia Solich mwenyewe alikuwa ameliona hilo na kuchukua hatua ambayo makocha wapole kama yeye hawaipendi: aliwaondoa wasaidizi wake, baadhi yao watu aliokaa nao miaka mingi, akiwemo kocha wa ulinzi Craig Bohl. (Bohl akaenda North Dakota State, akabeba mataji matatu mfululizo ya ngazi ya pili ya futiboli ya vyuo. Kwa hiyo si kila aliyetupwa nje alikuwa mbovu.) Solich akamleta Bo Pelini kuongoza ulinzi, na katika msimu mmoja timu ikatoka 7-7 hadi 9-3. Mgonjwa alikuwa ameanza kula. Pederson hakumfukuza kocha aliyekataa kujirekebisha. Alimfukuza aliyekuwa katikati ya marekebisho, na marekebisho yanaonekana.

Kisha kuna jambo ambalo wakosoaji wa Solich hulipita haraka. Pederson hakuwa na mtu wa kuweka. Alitafuta kocha kwa zaidi ya siku 40, huku wachezaji wakisubiri na vijana wa sekondari waliokuwa wameahidi kuja Lincoln wakipigiwa simu na vyuo vingine. Pelini akaiongoza timu kwa muda kwenye Alamo Bowl, akaifunga Michigan State 17-3, na hakupewa kazi. Januari 2004 akatangazwa Callahan, mtu wa timu za kulipwa, aliyetoka kufutwa kazi na Oakland Raiders. Hapa ndipo kosa lilipokuwa kubwa kuliko lile la Novemba, kwa maoni yangu. Nebraska ilikuwa na namna yake ya kucheza: mpira unabebwa na kukimbizwa, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anaamua akiwa mbioni ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe, na mbele yake kuna vijana wenye miili waliolelewa mashambani, wengi wao wakiwa wamejiunga bila hata ufadhili. Mtindo huo haukuhitaji vijana bora kabisa kutoka Florida au California. Ulihitaji vijana wavumilivu wa Nebraska waliofundishwa kitu kimoja kwa miaka 4 au 5. Callahan akauvunja, akaleta mchezo wa kurusha mpira, ule unaohitaji vipaji ambavyo jimbo hilo halizalishi kwa wingi. Mwaka wa kwanza: 5-6, msimu wa kwanza wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961, pamoja na kipigo cha 70-10 kutoka Texas Tech. Mwaka 2007 Kansas, waliokuwa watani wa kufungwa kila mwaka, waliwapachika alama 76. Pederson alifukuzwa Oktoba ya mwaka huo, Callahan akafuata Novemba.

Lakini wanaomtetea Solich nao wana jambo wanalolikwepa. Ile nguvu ya Nebraska aliyoirithi ilikuwa tayari inatobolewa kutoka nje. Mwaka 1969 Nebraska iliajiri mwalimu wa mazoezi ya nguvu, Boyd Epley, wakati ambapo makocha wengi waliamini vyuma humfanya mchezaji awe mzito. Kufikia 2003 kila chuo kilikuwa na ukumbi wa vyuma na mwalimu wake. Idadi ya wachezaji wenye ufadhili ilishushwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hadi 85 kuanzia 1994, hivyo wale waliokuwa wakikaa benchi Lincoln wakaanza kwenda kuwa nyota kwingine. Big 12 ilipoanza kuchezwa mwaka 1996 kwa kuunganisha timu za tambarare na nne za Texas, uzito wa ligi ulihamia kusini, mechi ya kila mwaka dhidi ya Oklahoma ikafa, na masharti ya kupokea wachezaji wenye alama pungufu za darasani yakakazwa. Osborne alilipinga hilo la mwisho waziwazi, akashindwa. Televisheni nayo iliondoa upekee wa timu chache zilizokuwa zikionekana nchi nzima. Hata angebaki hadi leo, Solich asingeweza kuzirudisha nyuma saa hizi zote. Nebraska ya ushindi 12 kila mwaka isingekuwepo. Ningemkadiria ushindi 8 au 9, mwaka mzuri 10, taji mara moja moja. Yaani karibu kile kile alichofukuzwa nacho.

Naye Pelini alikuja kuonyesha hivyo. Aliporudi 2008 kama kocha mkuu, aliletwa na Osborne, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wa michezo. Miaka 7 akashinda mechi 9 au 10 kila msimu, 67-27 kwa jumla ukihesabu na ile Alamo Bowl, bila taji, huku akichapwa vibaya katika mechi kubwa. Rekodi ya Solich ilikuwa imerudi ikiwa na hasira zaidi, maana Pelini hakuwa mpole: mwaka 2013 ilivuja sauti aliyorekodiwa miaka miwili nyuma akiwatukana mashabiki wake mwenyewe kwa kuondoka uwanjani mapema. Novemba 30, 2014 alifukuzwa akiwa na 9-3. Ndiyo, namba ile ile. Wengi waliokuwa wamemlilia Solich kwa miaka 11 walishangilia, na walipoulizwa tofauti iko wapi walijibu kwamba Pelini hakuwa na adabu. Nakubali hakuwa nayo. Ila basi tuseme wazi kwamba tunapima tabia, tusijifiche nyuma ya hesabu za ushindi.

Riley akaja, 19-19 katika misimu 3. Halafu Desemba 2017 waliokuwa wakililia enzi za zamani walipewa walichoomba: Scott Frost, mzaliwa wa jimbo, kwotabeki wa timu ya ubingwa ya 1997. Kama dawa ilikuwa kumrudisha mtoto wa nyumbani, hii ilikuwa dozi kamili. Alishinda 16, akapoteza 31. Septemba 2022, baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, chuo kilimwondoa na kumlipa dola milioni 15, wakati kingesubiri hadi Oktoba 1 malipo yangepungua kwa nusu. Watu hawakuweza kusubiri wiki tatu kuokoa dola milioni 7.5. Sijui kama kuna namba nyingine inayoeleza vizuri zaidi hali ya akili ya jimbo lile wakati huo.

Kwa hiyo tangu 2003 wamejaribu mtu wa kulipwa kutoka nje, msaidizi mkali wa ndani, mzee mpole wa kutoka Oregon State na shujaa wa nyumbani. Kila mmoja alipoanguka, hisa za Solich zilipanda bila yeye kufanya chochote. Mashabiki waliokuwa na miaka 15 wakati anafukuzwa sasa ni watu wazima wenye watoto, na wengi wao wanamkumbuka kama mshindi tu. Vipigo vya 2002 vimefifia. Kwa wazee waliokaa kwenye baridi ya Boulder, Colorado, kutazama alama 62 zikiingia, havijafifia hata kidogo, na ukikaa nao watakuambia kwamba huruma ya sasa ni ya watu wasiokuwepo.

Katika mzozo huu Osborne mwenyewe hutajwa kama rungu la kumpigia Solich, na hilo ndilo linalonikera kuliko mengine. Osborne hakuanza akiwa mtakatifu. Alisubiri hadi 1978 kumfunga Oklahoma kwa mara ya kwanza. Januari 1984 alipoteza ubingwa kwa alama moja, 31-30 mbele ya Miami, baada ya kuchagua kutafuta alama 2 za ushindi badala ya kuridhika na sare. Kati ya misimu ya 1987 na 1993 alipoteza mechi 7 mfululizo za bowl. Kulikuwa na mashabiki waliosema hana uwezo wa kushinda mechi kubwa. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja katika msimu wake wa 22. Mwaka 2003 Solich alikuwa amemaliza wa 6. Katika misimu 6 ya kwanza Osborne hakuwa na ubingwa wa taifa wala hakuwa amepata ligi peke yake bila kugawana na mwingine.

Solich hakuwajibu waliomfukuza kwa maneno. Alienda Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, chuo ambacho hakikuwa kimecheza bowl tangu 1968. Akakaa huko misimu 16, akashinda mechi 115, na mwaka 2019 akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi ya Mid-American. Mwaka 2021 akastaafu kwa sababu ya afya ya moyo. Watetezi wake huishikilia sana rekodi hiyo. Wakosoaji nao hukumbusha kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kulichukua taji la ligi lenyewe, alifika fainali na kurudi mikono mitupu. Ukichunguza, Ohio ni Solich yule yule wa Lincoln kwa kipimo kidogo: timu imara, nidhamu, ushindi wa kutosha kila mwaka, na mlango wa mwisho unaogoma kufunguka. Nani anaona hayo ni mafanikio na nani anaona ni upungufu, inategemea alikuwa anadai nini tangu mwanzo. Athens walidai timu inayoheshimika. Lincoln walidai 1995 irudi kila mwaka.

Aprili 2023 kocha mpya, Matt Rhule, alimwalika, na Solich akarudi Memorial Stadium kupewa heshima wakati wa mechi ya mazoezi ya majira ya kuchipua, karibu miaka 20 baada ya kutimuliwa. Kuna waliosema hatimaye chuo kimeomba radhi. Sikubaliani nao. Aliyemfukuza alikuwa ameondoka siku nyingi, na mwalikaji hakuwa na deni lolote. Hata hivyo Rhule alifanya kitu cha akili: alimleta mtu ambaye rekodi yake ya mwisho, 9-3, ingepokelewa kwa shangwe na jimbo zima wakati ule, maana timu yake mwenyewe ilimaliza mwaka huo na 5-7. Mwaka uliofuata Nebraska ilipata 7-6, ikacheza bowl kwa mara ya kwanza tangu 2016, na watu wakafurahi kweli. Ushindi 7, ule ule ambao mwaka 2002 uliwafanya waanze kumtafutia Solich mlango wa kutokea.